Majina Yasiyosomwa Tena

Mwaka 1529 mwanasheria Mwingereza, Simon Fish, alitoa kijitabu kilichodai kwamba toharani ni uzushi wa mapadre wanaojitajirisha kwa misa za wafu. Mwaka uleule Thomas More akamjibu kwa kuzipa sauti roho za marehemu: zinalia, zinawasihi jamaa zao wasizisahau. Kuhusu fedha Fish alikuwa na hoja, maana maskini walikamuliwa kweli. Lakini kilio kile cha More ndicho kinachonishika, kwa sababu yaliyofuata ndiyo hasa roho zile zilikuwa zikiyahofia.

Katika parokia za Uingereza, marehemu walikuwa bado waumini. Majina yao yaliandikwa na kusomwa kanisani kwa sauti, hata la aliyeachia kanisa kondoo mmoja tu. Mwaka 1547, chini ya mfalme mtoto Mprotestanti, Edward wa Sita, sheria ikatwaa mali zilizowekwa wakfu kwa ajili ya misa hizo. Kijijini Morebath, Devon, Padre Christopher Trychay na waumini wake walikuwa wamedunduliza kwa miaka mingi ili wapate mavazi meusi ya misa ya wafu. Waliyapata mwaka huohuo wa 1547. Historia huwakumbuka zaidi waliochomwa moto na waliokatwa vichwa, akiwemo More mwenyewe mwaka 1535. Mimi huyafikiria mavazi yale.

Kitabu cha ibada cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 bado kilimwacha kasisi amsemeshe marehemu kaburini na kuikabidhi roho yake kwa Mungu. Kile cha 1552 kiliyaondoa maneno hayo. Kasisi akabaki kusema na walio hai tu.

Wala si kwamba Waprotestanti hawakuwapenda wafu wao. Martin Luther alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, msichana wa miaka 13. Aliamini mtoto yuko salama, hahitaji misa wala mshumaa, na bado alistaajabu jinsi huzuni ilivyomlemea. Imani hiyo ilimwondolea hofu, na hilo si jambo dogo. Ila aliyewahi kumwombea misa marehemu mama yake anajua faraja ya kuwa na la kufanya: kwenda parokiani, kuandikisha jina, kulisikia likitajwa. Watu wa Morebath walinyang'anywa kazi hiyo kwa sheria, na hakuna aliyewauliza kama walikuwa wamekwisha kuomboleza.