Lisekese: Mtoto Mwenye Usonji Naye Huugua

Ukifika Masasi kwa barabara itokayo Mtwara, milima ya mawe hukulaki kabla ya watu. Lisekese imo huko huko Masasi, katika nchi ya mikorosho. Wenyeji wa wilaya ni Wamakua, Wayao na Wamakonde, watu wa jembe na wa ngoma. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, ngoma za jando na unyago husikika hadi usiku wa manane.

Kwa wengi ngoma hizo ni furaha. Lakini yuko mtoto ambaye mlio huo humtesa; huziba masikio, hulia, hujificha uvunguni. Huenda ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Usonji si laana, wala si malipo ya kosa la mama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao.

Jambo tunalolisahau ni kwamba aghalabu usonji hauji peke yake. Huweza kuandamana na kifafa, kukosa usingizi, kufunga choo, wasiwasi na sonona. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia kuwa jino linamuuma. Atapiga kichwa ukutani, atajiuma mkono, atakataa ugali. Watu watasema, “Ndivyo alivyo.” Hapo ndipo ugonjwa unaotibika huachwa ukakomaa.

Kati ya maradhi hayo, kifafa ndicho kinachoogopwa zaidi, na hofu hiyo imekwisha kuwaumiza wengi nchini mwetu. Mbali na Masasi, kule Mahenge mkoani Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, na wengine wenye makovu ya moto. Dawa ziliwasaidia wengi. Kifafa hakiambukizi kwa kugusa wala kwa mate. Anayeanguka aondolewe karibu na moto na vitu vigumu, alazwe ubavu, wala asitiwe kitu chochote mdomoni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, tabia ya mwanao ikibadilika ghafula, usikimbilie kuusingizia usonji. Anza na mwili: masikio, meno, tumbo, usingizi. Kama huanguka, andika siku na muda aliochukua, kisha umpeleke hospitali. Masasi ina hospitali yake ya Mkomaindo. Akipewa dawa za kifafa, zisikatizwe bila shauri la daktari, hata akionekana amepona.

Nasi majirani tuna wajibu. Ngoma zitakapoanza, tusimcheke mama anayeondoka mapema na mwanawe aliyeziba masikio. Tumsindikize hadi nyumbani.