Afande Aliyeshika Pini Moja Moja

Mhandisi wa jeshi ninayemkumbuka hapa hakuacha kitabu wala mahojiano ya redio. Jina lake silitaji, kwa kuwa hata yeye hakupenda litajwe. Kijijini kwetu, magharibi mwa Ziwa Victoria, aliitwa Afande mpaka mwisho, hata na watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshavua sare kitambo.

Nilimfahamu mwaka 1980, mkoa wetu ukiwa ndiyo kwanza umeanza kuitwa Kagera. Kabla ya vita uliitwa Ziwa Magharibi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakakalia nchi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Vikosi vyetu vilipovuka kwenda kulikomboa eneo lile mimi sikuwapo, na nisichokiona sitakisimulia. Nilichokiona ni kilichofuata. Watu walirudi makwao na magodoro kichwani, wakakuta ng'ombe hakuna na mabati yameng'olewa. Mvua zikinyesha, kijito ambacho jana mtu alikivuka kwa miguu kinamtenga na shamba lake kwa wiki nzima.

Kwenye kijito cha namna hiyo ndipo nilipofanya kazi chini yake. Mimi nilikuwa askari kijana, yeye ofisa wa uhandisi. Tuliletewa daraja la Bailey, lile la vipande alilolibuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Paneli yake moja ina urefu wa mita tatu na ushee na uzito wa kilo 260 hivi, na hubebwa na watu sita. Paneli zinaungwa kwa pini nene za chuma, mihimili inalazwa kukatiza, na daraja zima linajengwa ng'ambo moja, juu ya magurudumu ya chuma. Kisha linasukumwa hewani mpaka pua yake iguse upande wa pili. Muda wote huo uzito wa nyuma sharti uzidi wa mbele, la sivyo kazi yote inatumbukia majini. Wanakijiji waliokuja kutazama hawakuamini macho yao: chuma chote kile kinasogea juu ya maji bila nguzo hata moja.

Daraja lilipokaa mahali pake tulikuwa hoi. Lori la mahindi lilikuwa linasubiri, na dereva alishawasha injini. Afande akapanda darajani peke yake, akaanza kushika pini moja moja. Kutazama tu hakukumtosha. Kila pini ina kibanio kidogo mwishoni kinachoizuia isichomoke, na kila kibanio alikipapasa kwa kidole gumba. Upande wa kulia, karibu na katikati, akasimama. Kibanio hakikuwapo. Hakufoka wala hakuuliza ni nani. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka akasema, "Kijana, niletee kingine." Dereva akaambiwa azime injini, na ukaguzi ukaanza upya tangu pini ya kwanza. Jua lilizama lori likiwa bado upande wetu.

Wapo waliomwona mtu mgumu. Mimi naamini ule ugumu ndio uliokuwa upendo wake kwa watu, kwa sababu katika lile lori juu ya magunia walikuwa wameketi kina mama na watoto.

Alistaafu miaka ya tisini, akarudi kwenye kibanja cha baba yake, penye migomba na mibuni. Hakukaa mwezi akaanza kazi ya chemchemi. Watu walikuwa wakichota kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe. Alituchimbisha mpaka tukafika kwenye jicho la maji, tukajaza kokoto, tukafunika kwa udongo wa mfinyanzi, tukajenga ukuta wenye bomba. Juu yake akachora mtaro wa kukinga maji ya mvua na akakataza choo chochote upande wa mlimani. Hakuchukua senti. Funguo na daftari la michango akawakabidhi kina mama, na kila Jumapili baada ya ibada alikaa nao barazani wakisoma hesabu kwa sauti, yeyote asikie.

Tetemeko la Jumamosi ile, Septemba 10, 2016, lilimkuta mzee wa kutembelea fimbo. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, liliua watu Bukoba na kubomoa nyumba nyingi, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Asubuhi iliyofuata alinigongea mlango na kipande cha chaki mkononi. Tulipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anafuata ufa mpaka unapoishia, kisha anaweka alama. Mama mmoja mjane alipoambiwa asilale ndani alilia: "Baba, nitalala wapi?" Afande hakumjibu kwa maneno. Aliniagiza turubai, akasimamia tukalifunga kati ya migomba, akavuta kila kamba yeye mwenyewe ndipo tukaenda nyumba ya pili.

Alipofariki, wanajeshi walikuja kumzika kwa heshima zao, na ilikuwa haki yake. Kina mama wa kamati ya maji nao walikuja na daftari lao, wakasoma hesabu ya mwezi mbele ya waombolezaji, kama kila Jumapili. Mchango wa nyumba yake ulikuwa umelipwa hadi Desemba. Bomba la kwanza sasa limeanza kuliwa na kutu, na kamati imekubaliana libadilishwe kabla ya masika. Mafundi wapo, aliwafundisha yeye.