Mpima makohozi naye apimwe

Mpenzi msomaji, leo nina jambo la kukiri mbele yako. Nusura nimfukuze mdogo wangu nyumbani kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tunaishi naye hapa Kitengela. Kila alfajiri hupanda matatu, akapita Isinya na kushuka Kajiado mjini, anakofanya kazi katika maabara ya zahanati moja. Huko hupima makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Hufungua vikopo, akapaka makohozi kwenye kioo na kuyatazama kwa hadubini. Kwa miaka minne amewatafutia wengine viini hivyo. Yeye hakuna aliyewahi kumtafutia.

Mwaka jana alijipeleka mwenyewe hospitalini. Alidungwa sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono, akaambiwa arudi siku ya tatu. Uvimbe ulipopimwa ulikuwa milimita 14. Jioni akaniambia, "Dada, nimepatikana na TB iliyolala."

Ndugu msomaji, mimi nilisikia "TB" tu. Usiku huo nilikitenga kikombe chake, nikamkataza mwanangu kulala chumbani mwa mama yake mdogo. Asubuhi alikiona kikombe pekee pembeni mwa kabati. Alikunywa chai kwa kikombe hicho, akaondoka bila kuniaga.

Jumamosi niliandamana naye kupigwa picha ya kifua. Huko ndiko daktari alikonitoa ujinga. Alinieleza kwamba viini vya kifua kikuu, alivyovigundua Robert Koch wa Ujerumani mwaka wa 1882, vimo katika miili ya takriban robo ya watu duniani. Kwa wengi, mwili huvizingira vikalala. Mtu wa aina hiyo hakohoi, hakondi, wala hamwambukizi yeyote. Hata hivyo, kati ya watu 100 kama hao, 5 hadi 10 huja kuugua maishani, hasa kinga ya mwili ikidhoofika.

Je, chanjo ya BCG ya utotoni haiwezi kuuvimbisha mkono? Yaweza, na ndiyo sababu kuna pia kipimo cha damu kisichobabaishwa na chanjo hiyo. Lakini kwa mtu anayeshinda na makohozi ya wagonjwa, daktari hakutaka kubahatisha. Picha ilionyesha mapafu safi. Akaandikiwa isoniazidi na rifapentini, ameze mara moja kwa wiki kwa majuma 12.

Kila Jumapili nilimpelekea maji ya kumezea dawa. Radhi nilimwomba, naye akacheka tu. Lakini dawa alikwisha kuimaliza zamani, na hadi leo akinywa chai hukiosha kikombe chake mwenyewe, upesi, kabla sijakigusa.

Nawe mwajiri unayesoma haya, wahudumu wako wa maabara walipimwa lini? Wape barakoa zinazofaa, fungua madirisha, wapime wanapoanza kazi na mara kwa mara baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na wewe uliye nyumbani, siku ndugu yako atakapokuletea habari kama hiyo, msikilize hadi neno la mwisho kabla hujanyosha mkono kukitenga kikombe.