Kabla Hujanunua Ile Chupa ya Vitamini



Tangu tumalize mfungo wa Januari, swali moja limeingia kwenye inboksi yangu hata kuliko maswali ya ndoa: "Pasta, ni multivitamini gani nzuri?" Vijana wa mazoezi wanauliza. Akina mama wanaonyonyesha wanauliza. Wazee wanauliza kwa simu za wajukuu wao. Leo nitajibu, na mtanivumilia kwa sababu jibu lina urefu wake.

Andiko letu ni 1 Timotheo 5:23. Mnalijua. Hata mlevi ambaye hajaingia kanisani miaka kumi analijua. Paulo anamshauri Timotheo, mwanawe katika imani, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yanayomrudia mara kwa mara. Leo tuweke kando mjadala wa mvinyo. Tazama ule ushauri umekaaje. Huyu ni Paulo ambaye Matendo 19 inatuambia vitambaa vilivyogusa mwili wake vilipelekwa kwa wagonjwa na wakapona. Kwa Timotheo hakutuma kitambaa. Alimtajia kitu kinachojulikana, kwa kipimo kidogo, kwa shida inayojulikana.

Mtu wa Mungu, shika hayo matatu. Shida yangu ni gani? Ndani ya hii chupa mna nini? Kipimo chake ni kiasi gani? Chupa isiyoweza kujibu maswali hayo, iache kwenye rafu hata kama muuzaji ameokoka.

Swali la kwanza: shida ni gani?

Mimi ni mtu wa sukari na nimetumia metformini kwa miaka kadhaa. Mwaka juzi nyayo zilianza kuniwaka na kufa ganzi, ikawa hata kusimama ibada ya pili ni kazi. Wiki haikuisha kabla sijatumiwa majina ya chupa nne, kila moja na ushuhuda wake. Daktari hakutaja chupa yoyote. Alitaka damu ipimwe kwanza. Akanieleza kwamba metformini ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua, neva huumia. Majibu yakaonyesha hivyo hivyo. Nikapewa B12 peke yake. Kanisa lilikuwa likiniombea siku zote hizo, na mimi naamini Mungu alijibu kupitia mikono ya yule kijana wa maabara.

Kwa hiyo ukisema "nasikia uchovu, nipe vitamini", ngoja kidogo. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu. Unaweza kuwa sukari, tezi ya shingo, au huzuni ambayo hujamwambia mtu. Unaweza pia kuwa usingizi. Soma 1 Wafalme 19. Elia alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Mahubiri yalikuja baadaye. Kuna mtu hapa analala saa saba usiku na simu mkononi, anaamka saa kumi na moja, halafu anatafuta chupa ya kumrudishia nguvu. Mpendwa, hakuna kidonge cha usingizi ambao hukulala.

Wako wanaohitaji nyongeza kweli. Mama mjamzito anahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki. Vidonge hivyo hutolewa kwenye kliniki za umma za wajawazito, kwa hiyo uliza huko kabla hujatoa pesa. Dada anayepanga kupata mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, na ni vizuri aanze kabla mimba haijaingia. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji B12. Mzee ambaye sahani yake imekuwa chai na mkate asubuhi, mchana na jioni, huyo naye aangaliwe.

Lakini wengi wetu tungeanza na sahani. Sukuma wiki, managu, terere, ndengu, maharagwe, omena na mifupa yake, kipande cha maini mara moja moja, embe au chungwa. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Unga wa kusaga posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, kwa hiyo ukiupenda, ongeza mboga na ndengu. Na ile chai tunayokunywa pamoja na chakula hupunguza chuma ambacho mwili ungepata kwenye mboga na maharagwe. Ingoje kama saa moja. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Je, multivitamini inasaidia mtu mzima ambaye tayari anakula vizuri? Huko Marekani madaktari wanaume 14,641 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa multivitamini kila siku, jingine kidonge kitupu, na wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Matokeo yalichapishwa 2012. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Saratani kwa jumla zilipungua kidogo tu. Basi tusiite multivitamini utapeli, na tusiite mwokozi. Ni kitu kidogo chenye faida ndogo, na kwa aliyepungukiwa kweli faida inakuwa kubwa.

Swali la pili: ndani mna nini?

Geuza chupa. Upande wa mbele ni wa matangazo, ukweli huandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Tafuta orodha inayotaja kila vitamini na kila madini kwa jina, na kiasi chake kwa miligramu au mikrogramu. Pembeni kuna asilimia ya mahitaji ya siku. Multivitamini nzuri huwa karibu na 100 kwa vitu vingi. Ukiona 1,000 au 3,000, usifikiri umepata mara thelathini ya afya. Ukiona maneno kama "mchanganyiko maalum" bila kuambiwa kila kitu ni kiasi gani, umeuziwa siri. Mithali 11 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Asiyetaka kukuambia uzito wa anachokuuzia, unajua amesimama wapi.

Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia alama ya ubora ya KEBS. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Maduka hayo hubandika ukutani namba ya usalama ambayo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwa chupa za kutoka nje, alama ya USP au NSF inamaanisha maabara isiyo ya mwenye mali imepima kilichomo. Usinunue ndani ya matatu, wala kwenye kundi la WhatsApp ambalo hata hujui nani alikuingiza. Na bei kubwa si ushahidi wa ubora. Kuna kidonge cha bei ya chini chenye orodha safi kuliko chupa ya dhahabu.

Vijana wa jimu na ninyi mnaokimbia, hili ni lenu. Baadhi ya nyongeza za kujenga misuli na kupunguza mafuta zimewahi kupatikana na vitu visivyoandikwa kwenye lebo, vikiwemo vilivyokatazwa michezoni. Ukipimwa na kikapatikana mwilini mwako, sheria za michezo zinakuhesabu wewe mwenyewe kuwajibika, hata ukisema hukujua. Katika nchi hii ambayo mbio zimelipia watoto wengi karo, usipoteze miaka yako kwa kijiko cha unga usioujua. Uliza ADAK kabla ya kunywa.

Swali la tatu: kipimo ni kiasi gani?

Kidogo, alisema Paulo. Vitamini C na zile za kundi B zikizidi, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Vitamini A, D na E hukaa kwenye mafuta na kwenye ini, na zinaweza kujikusanya mpaka zidhuru. Vitamini A nyingi ya aina ya retino inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito asimeze multivitamini ya kawaida juu ya ile ya kliniki bila kuuliza. Mwanamume asiye na upungufu wa damu kwa kawaida hahitaji multivitamini yenye chuma. Na vidonge vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo anayevila kama peremende, kwa hiyo viweke juu na vifungiwe.

Sasa nisikie vizuri wewe unayetumia dawa za kila siku. Sitaji mtu. Dawa nyingi za ARV nchini siku hizi zina dolutegravir. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki vinaweza kuishika tumboni isiingie kwenye damu inavyotakiwa. Dawa imezwe angalau masaa mawili kabla ya multivitamini yenye madini hayo, au masaa sita baada yake, na kliniki yako itakupangia vizuri. Dawa ya tezi nayo hutenganishwa na madini. Anayetumia warfarini aulize kwanza kuhusu vitamini K. Imani yako haitapungua kwa kumwambia daktari kila kitu unachomeza.

Nimefika mahali ambapo moyo wangu ulipo.

Mwaka jana mtu alikuja ofisini kwangu na begi la chupa. Moja Sh4,500. Aliomba dakika tano tu za matangazo baada ya sadaka, na kwa kila mshirika atakayejiunga, mchungaji angepata asilimia yake. Nilimwambia hapana. Mkisikia jambo kutoka madhabahuni mnaliweka pamoja na Neno, na hiyo imani yenu haina bei ya kuuziwa mtu.

Lakini mlangoni alishapita. Mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ameniruhusu niseme bila jina, aliambiwa ile chupa inamaliza presha. Akaweka vidonge vyake kabatini. Wiki ya tatu wanawe walimkuta jikoni ameshika meza, mdomo umevutwa upande mmoja. Alifika hospitali mapema, na leo anatembea na kuimba, ingawa mkono wa kushoto bado ni mzito. Vidonge alivyoviacha vilikuwa vya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini kununua ile chupa.

Marko 5 inatuambia juu ya mwanamke aliyetumia mali yake yote akitafuta kupona, na hali ikazidi kuwa mbaya. Yesu hakumlaumu. Alimwita binti. Nami simlaumu mama wetu, wala wewe uliyenunua. Mgonjwa hutafuta, ndiyo asili ya mgonjwa. Mimi naongea na wewe unayeuza ndani ya kundi la Mungu. Uza vitamini kama vitamini. Siku utakapomwambia mtu aache dawa ya daktari, hiyo damu utaulizwa wewe.

Wiki hii fanya jambo moja. Kusanya kila unachomeza, dawa na nyongeza, tia kwenye mfuko mmoja, peleka kwa mfamasia au kliniki yako, umuulize vinapatana au la. Kama una mzazi kijijini, mpigie simu umuulize vidonge vyake vya presha viko wapi.

Tuombe. Baba, asante kwa miili uliyotupa na kwa mikono inayoitunza. Tupe macho ya kusoma herufi ndogo. Walinde wazee wetu na kila anayewauzia tumaini la uongo. Mponye mama yetu, mkono wake upate nguvu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina, kisha umtumie mtu mmoja ujumbe huu kabla hajatuma M-Pesa.