Barua kwa Mpwa Wangu Muuza Leso

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku Lamu hatujambo. Goti la mke wangu limepungua maumivu, na ule mnazi wa uani umeanguka bila ya kumdhuru mtu.

Lililonishikisha kalamu usiku huu ni habari niliyoletewa na msafiri aliyetoka Mombasa juzi, ya kwamba umekopa fedha ili utundike ubao wa taa juu ya mlango wa duka na kukodi gari la kipaza sauti lizunguke mitaani likizinadi leso zako kuwa ni za bei ya kutupa, na ya kwamba, wiki hiyo hiyo, mwanamke mmoja wa Likoni alipokurudishia doti iliyochuja rangi, ulimjibu mbele ya kadamnasi: "Sikukulazimisha kununua." Deni ni lako na Mungu atakusaidia kulilipa. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi nimeuza leso miaka 34 hapa Usita wa Mui bila ya ubao wala taa, na babako, Mungu amrehemu, alikuwa akiliita duka langu kibanda cha upenuni, ilhali siku uliyozaliwa wewe na hospitali ikataka fedha, kibanda hicho ndicho alichokikimbilia. Sikumdai, wala sikudai wewe; nataja tu.

Walakini elimu hii sikuzaliwa nayo. Mwaka wangu wa pili dukani, nikiwa kijana mwenye ghururi kama yako, nilimwendea tajiri wa jumla nikaagiza korja tano, yaani doti 100, mji wa samawati na pindo la urujuani, na jina nikalichagua mwenyewe kwa fahari kubwa: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nililiona ni neno la hikima lisilo kifani, kwa kuwa hesabu zangu nilikuwa nikiziandika kila jioni. Miezi miwili ikapita nikauza doti saba, na tatu katika hizo alizinunua mamangu kwa huruma. Wanawake waliingia, wakaipapasa nguo, wakaisifu rangi, kisha wakasoma jina, wakatazamana, wakaikunja wenyewe na kuirudisha mezani kwa adabu iliyoniuma kuliko matusi. Hatimaye bibi mmoja wa Mkomani akanionea imani, akaniambia: "Mwanangu, daftari ni lako. Mimi nikijifunga leso hii nikapita mlangoni kwa jirani aliyenisengenya, atajua nini?"

Nikamtilia kahawa, nikakaa kumsikiliza mpaka alasiri. Alinieleza kuwa kuna anayetaka kumshukuru mamake na ulimi hauwezi, kuna mke aliyechoshwa na maneno ya wifi, kuna bibi harusi, kuna mjane; na kila mmoja huingia dukani akitafuta nguo itakayomsemea lile ambalo adabu imemzuia kulitamka. Mimi nilikuwa nikiuza pamba na rangi, na wao walikuwa wakinunua maneno. Tangu siku hiyo nikaweka daftari la pili chini ya meza, nikawa naandika kila jina nililoulizwa nikakosa kuwa nalo, na shehena iliyofuata niliiagiza kutoka katika daftari hilo. Ilikwisha kabla ya mwezi wa Idi kuandama. Zile za hikima yangu alizichukua mshona mito kwa nusu ya rasilmali.

Na usidhani ni kisa changu peke yangu. Neno leso lenyewe lilitokana na vitambaa vya mkononi vya Wareno, na wanawake wa pwani hii ndio waliovinunua sita kwa pamoja bila kukatwa, wakavikata vipande viwili vya vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu wapate nguo ya kujifunga; wenye maduka walifuata nyuma, wakaja kuagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Nao wa duka la leso la Mali ya Abdulla, lililofunguliwa mwaka 1887, wako papo hapo Biashara Street, hatua chache kutoka mlangoni kwako. Nenda ukasimame kando nusu saa, utazame mwanamke anavyochagua, kabla ya kulipia hilo gari siku nyingine.

Kipaza sauti kikisema "bei ya kutupa", mushtari husikia kuwa nguo yenyewe ni ya kutupa. Anapoingia, mfungulie doti nzima aone mji na pindo, asisome jina nusu. Kisha chovya ncha katika bakuli la maji mbele yake, uifinye kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, mwambie inatoka, umfundishe kuifua mara ya kwanza peke yake, naye atalipa bei yako bila ya kukuomba upunguze, kwa sababu amejua anacholipia. Lau ungemwambia hayo yule wa Likoni, asingevuka feri kuja kukurudishia nguo, wala wewe usingetamka neno lile.

Picha mnazotumiana kwa simu sizikatazi, ila jina lisomeke. Kisutu, leso ya harusi, kisikuishie kamwe. Harusi haingoji shehena. Jirani yako akishusha bei, usimfuate. Na mamako umtembelee, amenilalamikia, ingawa dada yangu huyo tangu utotoni hakosi la kulalamikia.

Narudi kwa mwanamke wa Likoni, maana hajanitoka moyoni. Hukumlazimisha, ni kweli. Alikuja kwa miguu yake, akapita maduka mangapi, akakuamini wewe. Hujui alikuwa amemnunulia nani, wala jina lile alitaka limfikie nani, kwa kuwa hukumwuliza. Muulize msaidizi wako anakokaa mwanamke huyo, kisha chukua doti nyingine ya jina lile lile, uijaribu kwa maji kwanza, uvuke feri mwenyewe umpelekee, na fedha usizitaje. Ukiwa huna tena jina hilo, niandikie upesi, nitakutafutia huku.

Wassalaam,
Mjomba wako