Kabla ya Pazia

Kikundi chetu cha maigizo kina watu saba na ngoma mbili. Msimu huu tumechagua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Juma lililopita kijana aliyeshika nafasi ya Kinjeketile alipata kibarua cha usiku, akaniaga kwa aibu. Sikumlaumu, sisi hatulipi hata nauli. Wenzangu wakanigeukia mimi, niliyezoea kuelekeza nikiwa nimekaa kitini. Jana mazoezini, niliposimama kuwaahidi watu kwamba maji yatawakinga na risasi, sauti ilinikwama. Ndipo nilipoonja uzito wa kuaminiwa. Nami nimekwisha kuwaahidi wenzangu kwamba watazamaji watakuja.