Walinzi wa Maji ya Malagarasi

Ndugu msomaji, ukipanda gari moshi Tabora kwenda Kigoma, usisinzie njiani. Utavuka mto Malagarasi, ambapo misafara ya Ujiji ilivushwa kwa mitumbwi. Burton na Speke walivuka mwaka 1858. Wapagazi waliyachukia matope yale. Leo yana walinzi. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovosi liliandikwa katika Mapatano ya Ramsar, la kwanza Tanzania. Askari wa wanyamapori huwaacha watoto wao, wakalala porini wakililinda. Lakini bonde ni kubwa, nao ni wachache. Samaki huzaliana katika mafunjo. Yakichomwa, kitoweo kitatoka wapi? Basi mvuvi, nawe mrina asali, uonapo moto bondeni, usinyamaze. Wasaidie.